Taa ya Kumpisha Mkwe

Ibaba, Ileje
2 Juni 2024

Felix,

Una bahati Tunduma ni mbali. Ungefungua mlango asubuhi ukanikuta nimesimama na mwiko. Mtoto gani anamletea baba yake mzazi taa ambayo hata kuku akiipiga bawa inaanguka? Nilikuzaa nikiwa na akili zangu, sijui za kwako ulizimwaga wapi.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu umezoea kunikatisha. Mama mtandao, mama nina mteja. Karatasi haina mtandao. Kaa chini usome mpaka mwisho. Mimi ni wa darasa la nne, lakini herufi nilizopata zinatosha kukusema.

Baba yako amevunjika mguu, chini ya goti. Wamemfunga plasta ngumu, amelala kama gogo.

Alhamisi jioni alikuwa anapanda kutoka shamba la bondeni, gunia la viazi nyuma ya baiskeli. Jenista mkeo alikuwa anashuka kwenda kisimani. Mila ya nyumba hii unaijua. Mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Akijua anakuja, anatoka njiani, anageukia majani mpaka mzee apite. Wenzetu wameacha, siku hizi wanakula sahani moja kama kuku kwenye tenga. Sisi hatujaacha. Zamani baba yako alikuwa anapiga mluzi akikaribia, Jenista anasikia anapisha. Meno ya mbele yakaondoka, na mluzi ukaondoka nayo. Ndipo Krismasi ukaja na taa yako ya baiskeli. Mama, taa itamsemea baba, Jenista akiona mwanga tu anapisha. Nikakusifu mpaka kanisani. Mdomo wangu huu.

Sasa sikia. Alhamisi taa haikuwa inatazama mbele. Kile kishikio chako cha plastiki cha kuifungia kilikuwa kimegeuka chini ya usukani, taa inaning'inia, inamulika tairi. Na ukungu wa huku unaujua. Jenista hakuona mwanga, akajua njia ni yake. Pale kwenye kona baba yako akamwona ghafla, yule pale, uso kwa uso. Kuliko amgonge mkwe, kuliko amtazame, akakata usukani kuelekea korongoni. Viazi, baiskeli, mzee, vyote chini.

Nani aliyemtoa? Hapakuwa na mtu mwingine. Jenista aliteremka, akambeba baba mkwe wake mgongoni kama anavyobebwa mtoto, suruali ya mzee imechanika mahali pabaya pa kuchanika, akapanda naye mpaka njiani huku anapiga yowe. Nilipofika nilikuta mmoja analia, mwingine amejifunika uso kwa kofia.

Tangu siku ile baba yako anatazama ukuta. Chakula cha Jenista hali. Anasema Jenista alimwona akafanya makusudi kutopisha, na sasa amemshika mwilini, kwa hiyo arudi kwao Mbangala. Ameita wazee wa ukoo. Nimemwambia mkosaji ni kishikio, hataki kusikia neno kishikio.

Kwa hiyo andika. Useme kwa mkono wako kwamba ulileta takataka, nimsomee baba yako na wazee wake. Usipoandika nitakufanyia jambo ambalo utalisikia ukiwa hukohuko mpakani.

Mama yako,
Tumpale


Tunduma
9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimeipata barua. Poleni sana. Mpe pole baba, mwambie namwombea.

Mama, tuelewane. Kile kishikio si takataka. Kimetengenezwa kwa barabara ya lami. Wateja wangu kutoka upande wa Zambia wananunua kila siku, wananisalimia kwa lugha yao, mwapoleni, mwapoleni, na hakuna aliyerudi kulalamika. Barabara ya Ibaba ni mawe juu ya mawe, hata jino la mtu linalegea. Sasa kosa ni la kishikio?

Na nikiandika neno hilo, wewe utalisoma mbele ya wazee, wazee watalipeleka gulioni, na Ileje nzima itajua. Nitauza nini? Krismasi ile niliuza vishikio vingi sana hapo kijijini, watu wananiamini kwa jina la baba.

Nimempa Kasiani, yule dereva wa Fuso ya viazi, kishikio kingine. Hiki kina skrubu mbili na plastiki yake ni nene. Mfungie baba, akipona atafurahi.

Kuhusu Jenista, mila ni mila. Siwezi kusimama mbele ya baba nikabishana naye kuhusu mkwe. Akae kwao kidogo, hasira zikipoa atarudi.

Mwanao,
Felix


Ibaba
16 Juni 2024

Felix,

Mbona unaniandikia kama unaniuzia? Plastiki nene. Mimi ni mteja?

Kishikio chako cha skrubu mbili kimefika. Nilikifunga mwenyewe, nikakaza mpaka kidole kikauma. Nikaisukuma baiskeli kutoka kanisani kuteremka, sikuipanda, niliisukuma tu kwa mkono kama mtu anayetembeza ng'ombe. Taa ikaanza kurudi nyuma, inarudi, inarudi, kama kichwa cha mzee anayesinzia kwenye mahubiri. Kabla ya daraja ilikuwa inatazama mbinguni. Ketrina jirani alikuwa nyuma yangu, akasema, "Mama Felix, taa yako imeokoka." Nilicheka kwa hasira.

Nilikuahidi jambo. Nimelifanya.

Nimechukua vishikio vyote viwili nikavipigilia misumari kwenye nguzo ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine, Eliakim, aliniuliza, "Mama, hiki ni kitu gani?" Nikamwambia ni mwanangu. Juu yake nimeandika kwa mkaa, herufi kubwa: HIKI FELIX ALIMLETEA BABA YAKE. Hakuna mtu wa Ibaba asiyesaga. Wote wanasoma, na asiyejua kusoma anasomewa.

Sasa wanakuja na vyao. Zebedayo alikuwa amefunga chake kwa waya wa uzio, umemchana mkono. Mwalimu Danford amekibandika kwa gundi ya viatu, kikang'oka na rangi ya baiskeli. Mke wa Clement alikuwa amefunga taa kwa kitambaa chake cha kichwa, anakwenda kwaya kichwa wazi kama mtu aliyefiwa. Wote walikuwa wanafunga kimyakimya, hakuna aliyesema, kwa sababu wewe ni mtoto wa Ezron. Sikuwaambia wadai kitu. Niliwaambia tundikeni tu. Nguzo ya Eliakim sasa imejaa kama dari ya kuning'inizia mahindi ya mbegu.

Huo ni mwanzo. Nimemwambia na Kasiani kwamba akipakia tena mzigo wako wa kuleta huku, viazi vya Ibaba atavisikia kwa jina.

Lakini sikia lililo zito. Wazee wamekaa. Wamesema Jenista aondoke Jumamosi hii, tarehe ishirini na mbili, na mwanenu Brenda abaki kwa sababu ni mtoto wa ukoo. Nilisimama nikasema huyu mwanamke ameokoa mtu. Mzee mmoja akanijibu, "Mama, kuokoa ni kuokoa, na kutopisha ni kutopisha." Nilimwambia siku ukiingia korongoni tutakuachia nyani wakutoe. Walinitoa nje.

Mimi ni mwanamke, kwenye kikao cha ukoo neno langu ni upepo. Lako si upepo, wewe ndiye mume. Jenista anapanga nguo, Brenda amemshika gauni hataki kumwachia. Na wewe unaniambia akae kwao kidogo. Kidogo ni kiasi gani, bila mtoto wake?

Andika neno moja. Kosa ni langu. Ni maneno matatu, nimekosea, basi andika matatu.

Tumpale


Ibaba
18 Juni 2024

Baba Brenda,

Salamu. Nimempa Kasiani barua hii mkononi, mama hajui.

Nimenyamaza kwa ajili yako, lakini Jumamosi imefika karibu, nami nina neno.

Kishikio chako kilianza kulegea kabla ya Pasaka. Mama alikata mpira mwekundu kutoka tyubu ya zamani, akauzungusha kwenye taa na usukani, akapiga fundo lake lile la kufungia mbuzi. Taa ikatulia. Tangu hapo nilikuwa nauona mwanga wa baba kutoka mbali, napisha, anapita, hatukukoseana hata mara moja.

Kisha ukapiga simu. Nilikuwa jikoni, baba alikuwa nje ya ukuta, simu yake anaifungulia sauti kwa sababu masikio yamechoka. Nilisikia yote. Ulimwuliza kama taa inapendeza, akakusimulia habari ya mpira. Ukamwambia, "Baba, ondoa hilo limpira, unaniaibisha. Watu wakiona bidhaa ya mwanao imefungwa kama mzigo wa kuni, nani atanunua?" Nilisikia kisu kikikata. Siku iliyofuata ndiyo Alhamisi.

Mama alikuwa bondeni, hakuliona hilo. Anadhani fundo lake lilifunguka lenyewe. Hajamwambia mtu yeyote kwamba alifunga, wewe unajua mama na fundo lake. Ndiyo maana kelele zake zimekuwa nyingi kuliko siku zote.

Baba anajua. Lakini akisema ukweli anakuangusha wewe, kwa hiyo ameninyooshea mimi kidole. Mimi siwezi kumshitaki baba mkwe mbele ya wazee. Hata jina lake silitamki. Wewe unaweza.

Kwetu Mbangala baba mkwe tunamsalimia na maji ya kunawa tunamtengea. Mila hii niliikuta kwenu, nikaishika kuliko wenye nayo. Siku niliyoivunja nilikuwa namtoa mtu kwenye mawe. Ulitaka nimwache korongoni ili niwe mkwe mwema?

Mwandikie mama kabla ya Jumamosi. Sikupigii magoti. Mgongo wangu bado unauma kwa kumbeba baba yako.

Mama Brenda


Tunduma
20 Juni 2024

Mama,

Shikamoo tena. Nimetafakari sana, hata dukani sikai vizuri.

Naona tusitafute mchawi. Labda si kishikio, wala si Jenista. Pengine ule mpira mwekundu ulikuwa umeshatolewa siku ile, na kama ulitolewa, nani anajua ulitolewa na nani na kwa nini. Mambo yametokea. Waombe wazee waseme ni bahati mbaya, Jenista asubirishwe hadi nije, labda baada ya mavuno watu wakiwa na hela na mimi nimetulia.

Na tafadhali, toa vile vitu kwenye nguzo ya mashine. Kasiani amevisimulia mpaka hapa stendi. Jana kijana wa kubeba mizigo ameniita Felix Kishikio, na wateja wote wakacheka.

Mwanao,
Felix


Mbangala
1 Julai 2024

Felix,

Mpira mwekundu umeujulia wapi?

Soma barua zangu zote mbili. Hakuna mahali nilipoandika mpira. Mpira nilioufunga mimi hakuujua mtu isipokuwa aliyekuwa nyumbani, na nyumbani hukuja tangu Krismasi. Barua yako ilifika Jumapili. Jenista alikuwa ameondoka jana yake, na begi moja, na Brenda alilia mpaka akatapika. Ulichelewa kwa siku moja, na hata ulichokileta kwa kuchelewa kilikuwa uongo.

Nilikwenda nayo kwa baba yako. Nikamsomea taratibu, nikafika hapo penye mpira mwekundu, nikasubiri. Alitazama ukuta, mwishowe ukuta ukamchoka, akageuka.

"Aliniambia ninamwaibisha," akasema. "Nikaukata."

Nikamwuliza, "Na Jenista umemfukuza kwa nini?"

Akasema, "Jenista ni mtoto wa watu. Felix ni wangu."

Felix, nimeishi na mwanamume huyu tangu ana nywele. Sikuwahi kutaka kumpiga mpaka siku ile, na alikuwa amelala na mguu wa plasta, nikajizuia kwa sababu ya plasta, si kwa sababu nyingine. Nilichukua sufuria, sahani na mwiko nikavifungia kabatini. Nikamwambia, "Basi akupikie Felix wako." Ufunguo upo kiunoni kwangu hadi sasa.

Kisha nikawafuata wazee kwenye mashine, siku watu wamejaa na madebe yao, nikasoma barua yako kwa sauti mbele ya ile nguzo. Yule mzee wa kuokoa ni kuokoa aliniambia, "Mama, haya yangeshughulikiwa nyumbani." Nikamjibu kwamba mlimfukuza mkwe wangu mchana mbele ya watu, kwa hiyo mtajirekebisha mchana mbele ya watu. Mashine ilizimwa. Eliakim mwenyewe aliizima, nadhani alitaka asikie vizuri.

Wamebadilisha neno lao. Wamesema Jenista hana kosa. Wamesema mkwe akimbeba baba mkwe kumtoa kwenye kifo, basi kile kizuizi cha kutotazamana kimeshakatika chenyewe, lakini lazima kiondolewe kwa heshima. Mwana mwenyewe alete mbuzi jike, amkabidhi mke wake mbele ya baba, na tangu siku hiyo Jenista atamsalimia mzee uso kwa uso, mchana, bila kukimbilia majani. Baba yako ametikisa kichwa kukubali. Alikuwa na njaa, lakini amekubali.

Nikachukua Brenda, nikapanda gari mpaka mabondeni huku, kutoka Galula nikapanda pikipiki. Mimi, kwa umri huu, nimekumbatia kiuno cha kijana nisiyemjua, vumbi hadi kwenye meno. Joto la huku linakaanga mtu. Nimelala siku tatu kwa wazazi wa Jenista na wananiheshimu kuliko nilivyostahili, mama yake ananitengea maji ya kunawa kila jioni bila kusema neno. Neno angesema ningeweza kumjibu. Kunyamaza kwake kunanichoma.

Jenista nimempa mtoto wake mikononi. Sikumwomba arudi. Nilimwambia shamba la viazi la juu, lile ulilokuwa unajisifia mjini kwamba ni lako, nimempa yeye. Baba yako amekubali mbele ya wazee, na Danford ameandika. Akirudi au asirudi, ni lake. Ukija kulima utamwomba ruhusa.

Nikamwuliza anataka nini kwako. Alikuwa anasuka Brenda, hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, nataka nisikie kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza kupitia ukuta. Safari hii aseme nikiwa mbele yake."

Nikamwambia atasema, hata kama nitamvuta ulimi kwa koleo.

Najua unachofikiri. Unafikiri utakuja na khanga na sukari, utacheka kidogo, mimi nitakuwa laini. Sitakuwa laini. Watu wa hapa walikuwa hawajui habari ya nguzo ya Eliakim, nimewasimulia usiku wa kwanza, na shemeji yako Shadrack amekariri. Kila mtu anakusubiri. Nimehakikisha.

Sasa fanya hivi. Duka lifunge leo hii, usimwachie mtu. Mbuzi mnunue mzima, jike, asiye kilema, umlete mwenyewe kwa mkono wako, usimpe kondakta. Ukifika hapa usiniamkie mimi. Usiwaamkie wazee wa nyumba. Nenda moja kwa moja kwenye mlango wa Jenista, upige hodi, na useme kwa sauti yale maneno uliyomwambia baba yako kwenye simu, yote, neno kwa neno, wazazi wake wakiwa wanasikia. Akisema karibu, ingia, na akikubali kurudi, mbuzi utamkabidhi Ibaba mbele ya baba yako. Akinyamaza, mfunge mbuzi kwenye mti, rudi Galula ukalale huko, na kesho yake asubuhi uje upige hodi tena.

Mama yako,
Tumpale